Kusoma Biblia Katika Njia ya Tabora

Furaha inayotokana na kusoma Maandiko Matakatifu imesimuliwa na Biblia yenyewe, na masimulizi yake mawili yaliyo mashuhuri yanatokea barabarani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, ofisa wa malkia wa Ethiopia anarudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Anasoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo aliyekimbia kulifikia gari anamsikia. Anaulizwa kama anayaelewa anayoyasoma, anakiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, anamkaribisha Filipo apande waketi pamoja. Wakifika penye maji anabatizwa, kisha anaendelea na safari yake moyo umejaa furaha. Katika Luka sura ya 24, wafuasi wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, nyuso zimewashuka kwa msiba. Msafiri mwingine anaungana nao na kuwafafanulia Maandiko tangu Musa na manabii wote. Wanamtambua baadaye, mezani, na hapo ndipo wanapokumbuka jinsi mioyo yao ilivyowaka tangu njiani.

Masimulizi hayo yakiwekwa pamoja, yanaonyesha mpangilio ambao wasomaji wengi huukosa. Furaha inakuja mwisho. Kabla yake kuna kusoma bila kuelewa, kuna swali, kuna mwenzi wa safari, kuna maelezo ya polepole. Ukaribu na Mungu nao unatangulia furaha: wale wawili wa Emau walikuwa wanatembea na Bwana wao maili kadhaa wakiwa bado na huzuni. Anayefungua Biblia akitarajia raha papo hapo, na asipoipata akaifunga akidhani Mungu yuko mbali, amegeuza mpangilio huo.

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu mji wenyewe ulizaliwa na barabara. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwendo wa karibu kilomita 1,200 kwa jumla. Pembe za ndovu na watumwa walielekea pwani. Vitambaa, shanga na bunduki vilielekea bara. Katikati ya karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa ndio uti wa mgongo wa biashara hiyo, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani. Katika miaka ya 1870 baadhi ya mizigo hiyo ikaanza kuwa na vitabu vya wamisionari ndani yake.

Inafaa kusemwa mapema kwamba kitabu kitakatifu hakikuwa kitu kigeni Unyanyembe. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga matembe yao Tabora na Kwihara walikuwa na misahafu, na Kurani ilisomwa kwa sauti. Kwa hiyo watu wa njia hiyo walijua tayari kwamba Maandiko huingia kwa sikio kabla ya jicho, kwamba yana sauti yake, heshima yake na wakati wake. Wamisionari waliodhani wanaanza na ubao mtupu hawakuwa wamesikiliza vya kutosha.

Msomaji wa Biblia anayejulikana zaidi katika njia hiyo ni mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, kule Blantyre, Uskoti, alikariri Zaburi ya 119 yote mbele ya mwalimu wake wa Jumapili, akakosea mahali patano tu, akapewa Agano Jipya kuwa zawadi. Zaburi hiyo ndiyo ndefu kuliko zote: aya 176, zimegawanywa katika mafungu 22 ya aya nane nane, kila fungu likifuata herufi moja ya alfabeti ya Kiebrania. Karibu kila aya inataja sheria, neno, amri au ahadi ya Mungu, na mwimbaji anasema namna anavyoyapenda hayo kuliko fedha na dhahabu. Mtoto aliyeimeza zaburi hiyo nzima alikuwa amebeba akiba ya safari ndefu. Novemba 1840, asubuhi alipoagana na wazazi wake, familia ilisoma Zaburi ya 121 na ya 135. Ile ya 121 ni zaburi ya msafiri: inamtaja Mungu kuwa mlinzi asiyesinzia, wa kutoka na wa kuingia.

Miaka 30 baadaye Livingstone alikuwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, na hali yake ilikuwa mbaya. Vidonda vya miguu vilimlaza Bambarre kwa miezi mwaka 1870. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika kumbukumbu zake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa huko. Mara kadhaa katika safari hizo aliishi kwa ukarimu wa wafanyabiashara Waislamu, hasa Mohamed bin Gharib, aliyemlisha na kumtunza katika ugonjwa. Ndani ya kipindi hicho, kwa maneno yake mwenyewe katika shajara, aliisoma Biblia nzima mara nne.

Mara nne ni jambo la kustaajabisha, lakini haifai kulipamba. Shajara ya miezi hiyo hiyo imejaa manung'uniko: watumishi waliomkimbia, dawa zilizoibwa, barua zisizofika, ghadhabu juu ya biashara ya watumwa. Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya mamia ya watu, wengi wao wanawake, katika soko la Nyangwe, akarudi Ujiji amevunjika moyo na kukuta bidhaa zake zimeuzwa zote. Kusoma Biblia hakukumpa uchangamfu wa kila siku. Kulimpa mahali pa kurudi. Mtu anayesoma Ayubu, Maombolezo na zaburi za mateso katika hali kama hiyo haombi kuliwazwa kwa juujuu. Anatafuta mwenzi, na kitabu kilichojaa watu waliomlilia Mungu wakiwa hai ni mwenzi wa kutosha.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871. Februari 1872 wote wawili waliingia Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora ya leo, wakakaa katika tembe lililojengwa kwa udongo na paa la bapa, ambalo mahali pake sasa pana jumba la makumbusho. Stanley aliondoka Machi 14. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, akaandika katika shajara sala fupi ya kujitoa upya kwa Yesu. Aliendelea kungoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti 25, miezi mitano na zaidi. Kilikuwa kipindi kirefu cha kukaa bila kazi kubwa ya kufanya. Wengi wanaosimulia habari zake huvuka haraka kutoka Ujiji hadi kifo chake, wakaiacha Kwihara. Kwa mada hii Kwihara ndipo penye uzito, kwa kuwa kungoja ndiyo hali ya kawaida ya msomaji wa Biblia. Siku nyingi hakuna mauaji wala miujiza. Kuna vumbi la kiangazi, uji wa asubuhi, na sura inayofuata.

Miongoni mwa watu 57 waliotumwa na Stanley kutoka Unguja, na kuwasili Kwihara Agosti hiyo, alikuwamo kijana Myao aitwaye Jacob Wainwright. Alikuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni karibu na Nasik, India. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliamua kuurudisha mwili pwani. Moyo ulizikwa pale pale chini ya mti, na Wainwright, kwa kuwa alikuwa msomi wa kundi, ndiye aliyesoma ibada ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye shina. Oktoba mwaka huo msafara wa mazishi uliingia Unyanyembe. Pale walimkuta ofisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na Wainwright akaandamana na jeneza hadi London, akawa mmoja wa waliolishika katika maziko ya Westminster Abbey, Aprili 18.

Habari yake haikuishia London. Alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na wamisionari, na mwaka 1892 akafariki Urambo, magharibi ya Tabora, palipokuwa na kituo cha London Missionary Society. Vitabu vya shule humtaja Livingstone kwa kurasa nyingi na Wainwright kwa mstari mmoja, kama yupo. Lakini kama swali ni nani alilisoma Neno kwa sauti katika saa ambayo wenzake walilihitaji zaidi, msituni, bila padri wala mchungaji, jibu ni kijana huyo aliyetolewa katika jahazi la watumwa.

Urambo yenyewe ilikuwa makao ya mtemi Mirambo. Mwaka 1879 alimpokea Dakta Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyetibu wagonjwa na kujifunza Kinyamwezi hadi kifo chake mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi ya bahati mbaya. Wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe nao walipita Tabora kuanzia 1878 na kufungua kituo Kipalapala katika miaka ya 1880. Mwaka 1898 kituo cha Urambo kilikabidhiwa kwa wamisionari wa Kiprotestanti waitwao Wamoravian, ambao kazi yao ilienea hadi Sikonge na kwingineko Unyamwezi.

Kwa wote hao suala la kwanza lilikuwa lugha, kwani Maandiko yasiyoeleweka hayafurahishi mtu. Ofisa wa Ethiopia ni shahidi. Kwenye pwani kazi ilikuwa imekwisha kuanza: Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja akisaidiwa na vijana waliokuwa wamekombolewa utumwani. Alifariki 1882, na Biblia kamili ya Kiunguja ikatoka 1891. Mombasa ikawa na tafsiri yake ya Kimvita. Bara, Mmoravian Edmund Dahl alishughulikia Agano Jipya kwa Kinyamwezi mwanzoni mwa karne ya 20, kazi iliyomwachia pia kamusi nene ya lugha hiyo, iliyochapwa 1915. Hatimaye kamati ya makanisa ikaunganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa katika Biblia ya Muungano: Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952. Hiyo ndiyo inayosikika hadi leo katika mimbari nyingi. Ina mdundo mzito unaokaa kichwani, ingawa ina misamiati inayomsumbua kijana wa siku hizi. Biblia Habari Njema, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti na kukamilika katika miaka ya 1990, inaeleweka kwa urahisi zaidi lakini haiimbiki vilevile. Msomaji mwenye nafasi hufaidi kuwa nazo zote mbili: ya 1952 ya kukariri, na Habari Njema ya kufahamia kinachokaririwa.

Baada ya lugha ni namna ya kusoma. Hapa Tabora ina fundisho lake katika misitu ya miombo. Mkoa huo ni maarufu kwa asali, na Biblia mara kadhaa hulifananisha neno la Mungu na asali: Zaburi ya 19 na ya 119 husema ni tamu kuliko asali, na nabii Ezekieli anaambiwa ale gombo, naye akalionja likawa tamu vivyo hivyo kinywani. Mrina asali wa Sikonge hawezi kulazimisha mzinga. Huutundika mtini, husubiri maua ya miti yachanue na nyuki wafanye kazi yao, kisha huuendea usiku na moshi. Na sega lenyewe halimezwi kwa pupa. Hutafunwa taratibu mpaka utamu utoke wote, ndipo nta ikatemwa. Usomaji wa Biblia unaozaa furaha una tabia hizo. Unahitaji muda uliotengwa, uvumilivu wa majira, na kutafuna.

Watawa wa zamani wa Ulaya na Misri walilijua jambo hilo, na utaratibu wao wa kusoma kwa sala ungali unafundishwa katika nyumba za malezi, bila shaka na seminarini Kipalapala pia, iliyofunguliwa 1925. Kifungu kifupi husomwa polepole, ikibidi kwa kunong'ona. Neno moja likigusa, msomaji husimama hapo. Hulirudia, hulitafakari, huligeuza kuwa sala, kisha hunyamaza. Aya tano zaweza kuchukua nusu saa.

Upande mwingine kuna usomaji wa mpango, unaolenga Biblia yote. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Anayesoma sura tatu kila siku ya kazi na Jumamosi, na tano Jumapili, huimaliza ndani ya mwaka mmoja na kubakiwa na sura chache mkononi. Agano Jipya pekee lina sura 260, na hesabu yake ni rahisi ya kupendeza: sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52, limekwisha. Mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, alitunga mwaka 1842 ratiba ya sura nne kwa siku inayopitisha Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Ratiba za aina hiyo zina faida kubwa: humpeleka mtu katika vitabu ambavyo asingevifungua kwa hiari, kama Habakuki au Ruthu, na kumzuia kuzungukazunguka kwenye Zaburi ya 23 maisha yake yote. Hatari yake ni kwamba msomaji huanza kuhesabu badala ya kusikia. Akibaki nyuma siku nne, hukimbizana na sura 16 kama anayelipa deni, na furaha hukimbia. Ratiba iliyokwama inafaa kuendelezwa pale ilipofikia. Mungu hadai riba.

Wamoravian walileta Unyamwezi desturi ya tatu, ambayo haifanani na hizo mbili. Mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf alianza kuwapa waumini neno moja la kuishi nalo siku nzima, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kuanzia 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa katika kijitabu, nacho hakijaruka mwaka hata mmoja tangu hapo. Hadi leo aya ya Agano la Kale ya kila siku hupatikana kwa kura inayopigwa Herrnhut miaka kadhaa kabla, kutoka katika mkusanyiko wa aya zaidi ya elfu moja. Kisha aya ya Agano Jipya inayoendana nayo huchaguliwa. Kijitabu hicho hutoka katika lugha zaidi ya 50.

Kura hiyo inastahili maelezo kidogo, maana Tabora, kama kwingineko, wapo watu wanaofumba macho, wanaifungua Biblia popote na kuuchukua mstari wa kwanza walioudonoa kidole kuwa jibu la Mungu juu ya kesi, ndoa au biashara. Huko ni kupiga ramli kwa kutumia Biblia. Neno la siku la Wamoravian ni jambo jingine: halimwambii mtu mmoja atafanikiwa au la. Ni lile lile kwa mkulima wa tumbaku Urambo, kwa mwuguzi wa Sikonge na kwa mwanafunzi aliyeko Berlin. Utamu wake ni huo wa kujua kwamba aya ile ile iko midomoni mwa maelfu asubuhi ile ile. Na kwa kuwa ni fupi, hata mtu asiyejua kusoma huweza kuibeba kichwani hadi jioni.

Kukariri ni njia inayodharauliwa siku hizi kwa sababu simu hukumbuka kila kitu. Lakini aliyekariri ndiye anayesoma gizani, wodini, na ndani ya basi lililozimika katikati ya pori. Kiswahili kina nyenzo ya kukariria iliyo bora kuliko nyingi: utenzi. Mmoja wa watu waliolitambua hilo aliishi Tabora mara mbili. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alisoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943, na baada ya Makerere akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's ya Mapadri Weupe, chini ya Padri Richard Walsh. Baada ya kustaafu, mbali na siasa alizoendelea nazo, alijipa kazi ya kuzigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili. Zilichapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Kazi hiyo haijapewa heshima inayostahili, labda kwa sababu wengi walizoea kumsoma Nyerere wa Azimio la Arusha au yule aliyemtafsiri Shakespeare. Utenzi una masharti: kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachodumu utenzi mzima. Mtunzi anayeweka Injili ndani ya masharti hayo analazimika kuuliza kila mstari unasema nini hasa, nini kinaweza kuachwa, nini hakiwezi. Hawezi kusoma haraka. Mzee aliyetawala nchi kwa zaidi ya miaka 20, akiketi kuhesabu mizani za maneno ya Luka, ni picha ya msomaji aliyeipata ile furaha ya kutafuna. Na njia hiyo iko wazi kwa mtu wa kawaida: kuandika kifungu kwa mkono katika daftari, kukigeuza shairi, kukitungia wimbo wa kwaya, kumsimulia mtoto kwa maneno ya nyumbani.

Kuna majira ambayo njia hizo zote hazizai kitu. Msomaji hufungua kitabu, macho yanapita juu ya maneno, moyo ni mkavu. Walimu wa maisha ya sala wamelijadili hili kwa karne nyingi, na mengi yanayosemwa yanajulikana: kuchunguza kama kuna uchovu, ugomvi usiopatanishwa au dhambi inayong'ang'aniwa, kubadili kitabu au saa ya kusoma, kusoma pamoja na mtu. Yakishindikana hayo, kinachobaki ni kuendelea. Zaburi ya 88 ni sala isiyo na faraja: inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila ule mgeuko wa shukrani ambao zaburi nyingine za maombolezo huwa nao. Waliokusanya Zaburi waliiacha ilivyo. Anayeisoma katika ukavu wake yuko karibu na Mungu kwa sababu bado anamsemesha, hata kama hasikii raha yoyote.

Kusoma na wengine kunahitaji neno zaidi, kwa kuwa ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi katika vitongoji vya Tabora. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Novemba 1965 juu ya ufunuo, uliwahimiza Wakatoliki wote wasome Maandiko, na katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wakaamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya parokia. Jumuiya huwa na familia chache za jirani, hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, wengine kwenye viti, wengine mkekani. Nyingi hutumia hatua saba zilizotayarishwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Bwana anaalikwa kwa sala fupi. Kifungu kinasomwa. Kila mtu anachagua neno au sentensi iliyomgusa na kuitamka mara tatu polepole, bila maelezo, na wengine wananyamaza katikati. Kisha kimya cha dakika kadhaa. Kisha watu wanashirikishana.

Ile hatua ya tatu humshangaza mgeni. Bibi asiyejua kusoma, aliyelisikia somo mara moja tu, hutamka maneno yake mawili mara tatu, na ghafla kifungu ambacho kila mtu alidhani anakijua kinapata uzito mwingine. Hapo hakuna mtaalamu wa kuvutia umati. Inatokea kwamba mwalimu wa shule na muuza mchicha wamechagua sentensi ile ile, kwa sababu tofauti kabisa. Makanisa mengine yana vikundi vyao vya ibada ya nyumba kwa nyumba, na siku hizi simu moja yenye Biblia iliyorekodiwa yaweza kuwasomea kumi waliokizunguka kigae cha moto.

Furaha ya namna hiyo ina mfano wa kale katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Ezra anasoma torati hadharani tangu alfajiri hadi adhuhuri, wanaume, wanawake na wote wenye kufahamu wamesimama, Walawi wanaeleza maana. Watu wanalia wanaposikia. Wanaambiwa wasihuzunike, waende wakale vinono na kunywa vitamu, tena wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Furaha yao kuu ilikuja hapo, kwa kuwa sasa walikuwa wameyaelewa yaliyosomwa, na chakula kilikuwa kimegawanywa.

Hatua ya sita ya jumuiya inafuata mkondo huo huo. Baada ya kushirikishana, wanajumuiya hukubaliana kazi moja: nani ampelekee maji mgonjwa wa nyumba ya tatu, nani amsindikize mjane ofisi ya ardhi, ni mtoto gani hana sare. Jina la mtu na kazi yake hutajwa mbele ya wote, ndipo sala za mwisho zinasaliwa. Juma linalofuata, kikao kinapofika tena hatua ya sita, aliyetajwa huulizwa kama ilifanyika.